JIKO LETU: Supu ya Viazi Nyepesi Inayoshibisha



Barua nyingi zinazofika katika ukurasa huu huuliza habari za keki, maandazi na pilau za sikukuu. Barua iliyotufikia majuzi kutoka kambi moja ya polisi haikuuliza mambo hayo. Aliyeiandika ni mke wa sajini, na kwa ombi lake jina lake pamoja na la kambi yao tumeyahifadhi. Anaeleza kwamba baba watoto alikwenda kupimwa, akaambiwa kuwa shinikizo lake la damu limepanda na uzito wa mwili wake umezidi, na kwamba yampasa apunguze mafuta na chumvi. Mama huyu, kwa jinsi anavyomhurumia mumewe, siku hiyo hiyo akachemsha viazi kwa maji matupu, pasipo chumvi wala kitunguu, akamwandalia. Sajini akalitazama bakuli, akauliza ni nani aliye mgonjwa humu ndani, akavaa kofia yake, akatoka. Tangu siku hiyo, kila akitoka zamu hupitia kwenye kibanda kilicho nje ya lango la kambi, akala katogo ya matumbo inayoogelea mafuta, kisha akarudi nyumbani ameshiba. Sasa ni wiki ya tatu. Mama anauliza kama iko supu ya viazi ambayo daktari ataikubali na sajini naye ataikubali.

Iko, nami nitaieleza leo kwa urefu. Lakini kwanza nina neno juu ya lile bakuli la siku ya kwanza. Sajini hakukosea katika yote. Chakula kisicho na ladha hakina tofauti na adhabu, na mtu aliyeishi miaka mingi katika jeshi la polisi huitambua adhabu hata ikiletwa mezani ndani ya bakuli. Kosa lake ni kule alikokwenda baadaye. Na kosa la mama si kupunguza mafuta, bali ni kudhani, kama mumewe anavyodhani, kwamba uzito wa supu unatoka katika mafuta, hata mafuta yakiondolewa hapana kinachobaki isipokuwa maji ya moto.

Tupime jambo hili kwa hesabu. Gramu moja ya mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti au ya mawese, humpa mtu kalori 9. Gramu moja ya wanga humpa kalori 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina kalori zipatazo 87 tu, kwa kuwa zaidi ya robo tatu ya kiazi ni maji. Basi mpishi anayemimina vijiko vikubwa vitatu vya mafuta zaidi ya vile vinavyohitajiwa ametia sufuriani kalori sawa na za viazi vya uzito wa gramu 400 hivi. Tofauti yake ni kwamba viazi gramu 400 mtu ataviona, atavitafuna, na vitamjaa tumboni. Mafuta yatapita kimya kimya, na baada ya saa chache mlaji atatafuta mandazi.

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, nchini Australia, walitoa matokeo ya kupima vyakula 38. Waliopimwa walipewa kila chakula kwa kiasi chenye kalori sawa, kisha kwa muda wa saa 2 wakawa wanaulizwa wameshiba kiasi gani. Viazi vya kuchemsha vilishika nafasi ya kwanza, vikiushinda mkate mweupe kwa zaidi ya mara tatu. Chipsi, ambazo ni viazi vivyo hivyo vilivyopitishwa katika mafuta, hazikufika hata nusu ya kiwango hicho. Kwa hiyo mwenye kushibisha ni kiazi chenyewe. Kazi ya mpishi ni kukitoa kiazi kile kilicho nacho, na kutafuta ladha mahali pengine pasipokuwa ndani ya chupa ya mafuta.

Sasa twende sokoni. Viazi tunavyosema hapa ni viazi mviringo, ambavyo kambini wengi huviita airishi. Waganda husema obumonde, na jirani zetu wa Rwanda husema ibirayi, neno ambalo ni ndugu wa Uburayi, yaani Ulaya, sawa na sisi tunaposema viazi ulaya. Majina yote hayo yanataja njia vilimopita tu, maana asili ya kiazi ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Jina la airishi limetokana na Waayalandi, ambao maskini wao walikitegemea kiazi kiasi kwamba ukungu ulipounguza mashamba kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walipoteza maisha. Ugonjwa huo huo wa ukungu ungali ukiwasumbua wakulima wetu wa Kabale, Rubanda na Kisoro mpaka leo, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu bei ya viazi hupanda ghafula baada ya mvua nyingi.

Katika masoko ya kusini-magharibi utasikia majina kama Victoria, Rwangume na Kinigi, hiki cha mwisho kikiwa na jina la mahali palipo kaskazini mwa Rwanda, chini ya milima ya volkano. Kwa mpishi wa supu, hata hivyo, jina si muhimu kama tabia. Viko viazi vya unga, ambavyo vikiiva hupasuka na kumumunyika, na viko viazi vya maji, ambavyo hubaki vigumu na laini kama sabuni. Supu yetu yataka vya unga. Kama huna hakika, chukua kikombe kidogo kimoja cha chumvi uyeyushe katika vikombe 11 kama hicho vya maji, halafu utumbukize kiazi. Cha unga huzama, cha maji huelea. Sisemi ufanye hivyo kila siku, maana chumvi hununuliwa. Fanya mara moja unapoanza kununua kwa mfanyabiashara mpya, kabla hujabeba gunia zima.

Kitu kimoja ukikatae bila ya haya, nacho ni kiazi cha kijani. Kiazi kilichokaa juani au penye taa hugeuka rangi, na pamoja na rangi hiyo hutengeneza sumu iitwayo solanini, ambayo huumiza tumbo na kutapisha. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Kijani kidogo katika sehemu moja hukatwa kwa kina na kutupwa, pamoja na macho yote yaliyochipua. Kiazi kilichoenea kijani, au kinachoonja uchungu, chote kitupwe. Mimi mwenyewe niliwahi kununua debe zima jioni, kwa mwanga hafifu wa taa ya mchuuzi, na asubuhi nikaona nusu yake ni kijani. Tangu hapo hununua viazi mchana. Nyumbani viwekwe katika gunia au kikapu, mahali penye giza na hewa, visiwekwe katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa vitatoka jasho na kuoza.

Kwa watu 6 wenye njaa ya kazi tutatumia viazi kilo moja na nusu, mifupa ya ng'ombe yenye nyama kidogo kilo moja, vitunguu maji 2 vikubwa, karoti 3, kitunguu saumu punje 4, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, nyanya 2 zilizoiva, maharagwe yaliyokwisha kupikwa vikombe 2, fungu moja la dodo au nusu ya kabichi ndogo, maziwa kikombe kimoja, mafuta kijiko kikubwa kimoja, chumvi kijiko kidogo kimoja, pilipili manga, na majani ya vitunguu kwa kunyunyizia. Hesabu yangu, kwa makadirio ya kijikoni, ni kwamba bakuli moja litakuwa na kalori zipatazo 400.

Msingi wa supu ni mchuzi wa mifupa, na hapo ndipo panapohitaji subira. Mifupa ioshwe, itiwe katika sufuria pamoja na lita 3 za maji baridi na tangawizi iliyopondwa, iwekwe motoni. Ikianza kuchemka, povu lote litakalopanda liondolewe kwa upawa. Kisha moto upunguzwe, sufuria ifunikwe, mchuzi utokote polepole kwa saa 2 hadi 3. Mwenye sigiri asiwashe mkaa mpya kwa kazi hii. Baada ya chakula cha mchana makaa yaliyobaki, yakifunikwa majivu kidogo, yanatosha kwa sehemu kubwa ya safari.

Baada ya hapo yafuata tendo ambalo wengi hulisahau, na ambalo kwa mgonjwa wetu ndilo lenye maana kuliko yote. Mifupa hutoa mafuta mengi. Epua sufuria, uitie ndani ya beseni la maji baridi, uiache itulie kwa nusu saa pasipo kuikoroga. Mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, yatapanda juu na kutanda kama ngozi ya manjano. Yateke kwa upawa ulioinamishwa, polepole, mpaka uuone mchuzi wenyewe. Mwenye friji ana kazi rahisi zaidi, maana mchuzi ukiwekwa humo usiku kucha mafuta huganda na kuinuliwa kama mfuniko. Asiye na friji asiuache mchuzi nje usiku kucha kwa kutumaini baridi ya alfajiri. Mchuzi wa mifupa huharibika upesi, na tumbo la mtoto halingoji. Aundoe mafuta jioni ile ile, auchemshe tena, apike.

Utashangaa utakapoyaona mafuta uliyoyateka. Katika kilo moja ya mifupa nimewahi kupata karibu nusu kikombe. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyanywa sajini bila ya kujua, hata kabla ya mafuta ya chupa kutiwa. Nyama iliyoshika mifupa ichambuliwe, ikatwe vipande vidogo, iwekwe kando.

Viazi navyo vimenywe kwa ganda jembamba; vikiwa vichanga vitoshe kusuguliwa tu. Kisha uvigawe mafungu mawili, na nawaomba wasomaji washike jambo hili kwa kuwa siri yote ya supu imo humu. Fungu la kwanza likatwe vipande vidogo kama punje za mahindi mawili au matatu zikiungana. Fungu la pili likatwe vipande vikubwa vya kujaza kijiko. Vidogo vitaiva mapema, vitapasuka, na wanga wake utaufanya mchuzi kuwa mzito; vikubwa vitabaki ili mlaji apate kitu cha kutafuna. Mahoteli mengi ya kigeni huifanya supu ya viazi kuwa nzito kwa malai na siagi, na mama wengi hapa kwetu hutia unga wa ngano uliokaangwa katika majarini. Hayo yote ni ya ziada. Chembe za wanga wa kiazi, zikifikia joto la nyuzi 60 hadi 70, hunywa maji na kuvimba, na hiyo ndiyo krimu yetu, tena tumekwisha kuilipia tuliponunua viazi.

Viazi vilivyokatwa visiachwe kuloweka ndani ya beseni kwa muda mrefu. Vitie majini dakika chache tu ili visiwe vyeusi, kwa maana vitamini C huyeyuka katika maji, na yale maji ukiyamwaga umeimwaga nayo. Fadhila moja ya supu ni kwamba maji yaliyopikia hunywewa pia.

Sasa weka sufuria kubwa motoni, tia kile kijiko kimoja cha mafuta. Kimoja, si kimoja na cha pili cha bahati. Tia vitunguu vilivyokatwa vyembamba, ukoroge kwa mwiko. Vikianza kushika sufuria, usiongeze mafuta. Nyunyiza maji kijiko kimoja, ukwangue chini, uendelee. Rudia hivyo mara nne au tano mpaka vitunguu viwe na rangi ya kahawia na harufu yake ijae nyumba. Kazi hii huchukua kama robo saa, na hairuhusu kupiga soga mlangoni. Harufu ile ambayo watu hudhani ni ya mafuta, kwa hakika ni ya kitunguu kilichobadilika rangi. Sasa tia kitunguu saumu na karoti, koroga dakika mbili, kisha mimina mchuzi kama lita 2, na utie viazi vyote.

Nyanya ziache kwanza. Nasisitiza kwa sababu niliwahi kuaibika. Zamani nilialika wageni, nikatia nyanya 5 pamoja na viazi tangu mwanzo, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kupika mchuzi wa nyama. Saa moja ikapita, viazi vigumu. Nikaongeza mkaa, viazi vigumu. Wageni walikula mkate na chai. Baadaye nilifahamu sababu: ukali wa nyanya huzifunga kuta za kiazi zisilainike. Mambo hayo hayo humpata atiaye ndimu au siki mapema. Viazi vikiisha kulainika, hapo nyanya haina tena uwezo wa kuleta madhara.

Acha supu itokote dakika 20 hadi 25. Walio juu milimani wangoje zaidi. Familia nyingi zinapohamishwa kwenda Kabale au Kapchorwa hulalamika kwamba viazi na maharagwe ya huko ni magumu, kumbe ugumu si wa viazi. Mji wa Kabale umeinuka zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 za mwinuko maji huchemka kwa joto lililopungua kama nyuzi moja. Kwa hiyo sufuria ya Kabale huchemka ikiwa na nyuzi 94 hivi, na kuongeza moto hakuwezi kuizidisha. Dawa yake ni kufunika vizuri na kuwa na subira.

Vipande vidogo vikiisha kulegea, chukua mwiko uviponde ukivikandamiza kwenye ukuta wa sufuria, ukiviacha vikubwa. Utaona mchuzi unageuka kuwa mzito mbele ya macho yako. Usitumie mashine ya kusagia, wala usipige kwa nguvu kama mtu apigaye mayai, kwa kuwa wanga wa kiazi ukipigwa mno huvutika kama gundi, na supu inayovutika haina rafiki. Tia maharagwe, nyama iliyochambuliwa, na nyanya zilizokatwa. Acha dakika 10. Maharagwe nimeyaweka kwa sababu yana chakula cha kujenga mwili, na kwa sababu askari akiona maharagwe katika bakuli hujua kwamba amepewa chakula na si dawa. Dodo au kabichi itiwe dakika 5 za mwisho tu, ibaki na rangi yake.

Maziwa huja mwisho kabisa. Yawe yamechemshwa mapema, yakapoa, na malai yaliyoganda juu yakaondolewa. Epua sufuria, teka upawa mmoja wa supu uuchanganye na maziwa katika bakuli, kisha urudishe mchanganyiko huo polepole ukikoroga. Ukiyamimina maziwa katika supu inayochemka yenye nyanya yatakatika, na supu itaonekana kama imeharibika ijapokuwa haijaharibika. Yale malai yasitupwe. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 bado anahitaji mafuta ili akue. Basi achotewe viazi vyake kabla ya pilipili na chumvi, vipondwe, na malai yatiwe humo. Sheria za sajini zisiwe sheria za mtoto mchanga.

Juu ya chumvi nitasema waziwazi, kwa sababu ni adui aliyejificha kuliko mafuta. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kiasi cha kijiko kidogo cha chai, na ndani yake imo ile ya mkate, ya samaki mkavu na ya kila kitu. Kijiko chetu kimoja kimegawanywa kwa watu 6. Nacho kitiwe mwishoni, si mwanzoni, kwa maana chumvi inayotiwa mwishoni huonjwa vizuri zaidi. Vidonge na unga wa viungo vya dukani vina chumvi nyingi; ukivitia, basi chumvi ya kawaida usitie. Ikiwa ulimi unadai zaidi, upe pilipili manga, kitunguu saumu kibichi kilichopondwa, majani ya vitunguu, na matone ya ndimu katika bakuli. Na kile kikopo cha chumvi kinachokaa mezani kirudi kabatini. Ulimi huzoea chumvi kidogo baada ya wiki kadhaa, lakini hauzoei kama kikopo kiko mbele yake.

Mama mwandishi wa barua afahamu pia kwamba supu hii si badala ya vidonge. Kama baba watoto amepewa vidonge vya shinikizo, aendelee kuvimeza na kwenda kupimwa kwa tarehe alizopangiwa, hata akijisikia mzima. Mwenye kisukari apunguze viazi katika bakuli lake na kuongeza maharagwe na mboga za majani, kwa kuwa wanga wa viazi huinua sukari ya damu. Na mwenye maradhi ya figo amwulize daktari wake kabla ya kula viazi vingi, kwa sababu vina madini ya potasiamu ambayo figo dhaifu haziwezi kuyatoa.

Siwasahau makonstebo vijana walio katika vituo vidogo, wenye sufuria moja, jiko moja na saa moja kati ya zamu na zamu. Ninyi hamna muda wa mifupa. Chukua viazi 4, kitunguu kimoja, konzi moja ya dagaa wakavu, na kijiko kidogo cha mafuta. Dagaa waoshwe kwa maji ya moto mara mbili ili mchanga na chumvi vitoke. Kaanga kitunguu kwa njia ile ile ya maji, tia viazi vilivyokatwa kwa ukubwa wa aina mbili, vifunike kwa maji, na vikilainika uponde nusu, utie dagaa, nyanya moja, na mboga yoyote ya majani inayoota nyuma ya kituo. Ni chini ya saa moja. Dagaa huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ina madini ya chokaa ambayo chipsi za barabarani hazina.

Supu iliyobaki ipoe upesi, iwekwe katika friji, na kesho ichemshwe mpaka itokote kabisa. Itakuwa nzito zaidi; iongezewe maji, isiongezewe mafuta. Pasipo friji pikeni inayotosha siku moja.

Limebaki swali la kibanda cha nje ya lango. Ushauri wangu kwa mama ni kwamba asipike sufuria mbili, moja ya mgonjwa na moja ya wazima. Mtu akitengewa chungu chake hujiona ametengwa naye. Nyumba nzima ile supu moja, baba apewe bakuli kubwa kuliko yote, lenye vipande vikubwa vya viazi na ile nyama iliyochambuliwa, wala pasitajwe daktari wala presha mezani. Kama anapenda katogo, siku moja katika wiki apikiwe nyumbani, kwa ndizi na matumbo yaliyochemshwa peke yake kwanza na mafuta yake kutekwa kama tulivyofanya kwa mifupa. Na siku ya kwanza ya supu hii, mama aanze kukaanga vitunguu robo saa kabla ya zamu kwisha, na dirisha la jiko liwe wazi upande wa lango. Kisha atuandikie tena, nasi tutangoja kusikia sajini alipita njia ipi.